Mbio za Watu Wazima na Chakula cha Mkimbiaji



Kamati ya maandalizi ya mkutano wetu imeweka katika ratiba ya mwaka huu jambo ambalo halikuwapo katika mikutano iliyotangulia: mbio za kilomita 5 na za kilomita 10, zitakazoanzia kwenye lango la shule na kuishia kiwanjani. Tangu habari hiyo itangazwe zimesikika kauli za namna mbili. Wako wenzetu wanaosema kwamba kumkimbiza mtu wa miaka 45, mwenye kitambi na presha, ni kumtafutia kifo. Na wako wengine ambao wamekwisha kuanza kuulizana wale chakula gani, wanywe maji kiasi gani, na wanunue glukosi ya aina gani madukani, kana kwamba wamechaguliwa kwenda Olimpiki. Mhariri ameniomba niandike historia fupi ya mambo hayo mawili, yaani mbio za watu wazima wasio wanariadha, na chakula cha mkimbiaji. Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali niliyesoma historia Chuo Kikuu, na ninayekimbia alfajiri kabla ya kwenda ofisini. Lakini nimeona kwamba kauli zote mbili zina asili yake, na kwamba historia inazijibu vizuri zaidi kuliko ubishi tunaofanya kwenye simu.

Hapana budi nianze nyumbani. Kila aliyepita katika shule yetu anakumbuka mchakamchaka: kengele ya alfajiri, kiranja wa bweni akigonga vitanda, mistari miwili gizani, na nyimbo. Waliotutangulia waliendelea nao hata JKT. Hakuna aliyetuambia kwamba yale yalikuwa mazoezi ya moyo, wala aliyetupimia kilomita. Tuliporudi tulioga maji baridi, tukanywa uji, tukaingia darasani. Mchana ugali na maharage, jioni ugali na maharage. Tulilalamika sana juu ya chakula kile, na wako waliothubutu hata kumwandikia mkuu wa shule barua isiyo na jina. Namwomba msomaji ayaweke akilini mambo hayo mawili, wimbo wa mchakamchaka na sahani ya ugali na maharage, kwa sababu tutayakuta tena mbele katika maandishi ya wataalamu wa nchi za nje.

Katika nchi za Ulaya na Marekani mambo yalikuwa tofauti. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 kukimbia kulikuwa kazi ya vijana, wanajeshi na wanamichezo wa mashindano. Mtu aliyevuka miaka 40 alishauriwa kupumzika, na akionekana anakimbia barabarani peke yake watu walimdhania kuwa ana wazimu au ameiba kitu. Hata hao wanamichezo wenyewe walikimbia kwa kubahatisha. Mfano mashuhuri ni marathoni ya Olimpiki ya St. Louis, tarehe 30 Agosti 1904. Siku ile ilikuwa ya joto kali, njia ilikuwa ya vumbi, na maji yalipatikana mahali pachache mno, maana mkuu wa michezo ile alitaka pia kuona mwili wa mkimbiaji utafanya nini ukikosa maji. Walianza watu 32, wakamaliza 14. Mshindi, Thomas Hicks, alipoomba maji wasaidizi wake walimkatalia, wakamlowesha kinywa kwa sifongo tu. Badala ya maji walimpa strikinini, ambayo ni sumu ya kuulia panya, wakaichanganya na ute wa yai. Baadaye wakamwongezea brandi. Alifika kwa saa 3, dakika 28 na sekunde 53, akiwa nusu mfu. Katika mbio hizohizo walikuwamo Watswana wawili kutoka Afrika Kusini, Len Taunyane na Jan Mashiani, wanaotajwa kuwa Waafrika weusi wa kwanza kushindana katika Olimpiki. Walikuwa wamepelekwa St. Louis kwa maonyesho ya Vita vya Makaburu. Taunyane alikuwa wa 9 na Mashiani wa 12, na inasemekana Taunyane angefika mapema zaidi kama mbwa asingemfukuza akatoka nje ya njia. Hao nao hawakupewa strikinini.

Miaka michache baadaye anatokea mtu ambaye ningependa kila mwenzetu amfahamu. Clarence DeMar, Mmarekani, hakuwa mwanariadha wa kulipwa. Alikuwa mfanyakazi wa uchapaji, mpanga herufi, ambaye mara nyingi mazoezi yake yalikuwa ni kukimbia kwenda kazini na kurudi. Kabla ya marathoni ya Boston ya mwaka 1911 daktari alimsikiliza moyo, akasema unatoa sauti isiyo ya kawaida, akamshauri aachane na mbio. DeMar alikimbia siku hiyo, akashinda. Walakini onyo lile halikumtoka, nalo lilikuwa mojawapo ya sababu zilizomfanya apunguze sana mashindano kwa miaka iliyofuata. Aliporudi kwa nguvu zake zote alikuwa amekwisha kuvuka miaka 30. Alishinda Boston mwaka 1922, 1923, 1924, 1927 na 1928, na mara ya 7 na ya mwisho alishinda mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 41. Mwaka 1954, mzee wa miaka 65, alikimbia tena njia ileile hadi mwisho.

DeMar alifariki mwaka 1958 kwa saratani. Mwili wake ulichunguzwa, na mwaka 1961 madaktari James Currens na Paul Dudley White (huyu wa pili ndiye aliyemtibu Rais Eisenhower moyo mwaka 1955) wakachapisha waliyoyaona. Mishipa inayoupelekea moyo damu ilikuwa mipana mara 2 au 3 kuliko ya mtu wa kawaida. Moyo ule uliosemekana hautastahimili ulikuwa umefanya kazi hiyo kwa karibu nusu karne. Kwa waliokuwa wakihofia mbio, taarifa hiyo ilikuwa pigo kubwa.

Kabla ya hapo Boston ilikuwa imetoa fundisho jingine, na hili linahusu chakula. Mwaka 1924 Samuel Levine na wenzake waliwapima damu wakimbiaji wa marathoni mwishoni mwa mbio. Waliona kwamba wengi wao walikuwa na sukari ndogo katika damu, na kwamba wale waliofika wakiwa wamepauka, wakitetemeka na kuchanganyikiwa ndio ambao sukari yao ilikuwa imeshuka kupita wote. Dawa ya insulini ilikuwa imegunduliwa miaka michache tu kabla yake, na madaktari wale waliona kuwa hali ya wakimbiaji hao ilifanana na ya mgonjwa aliyezidishiwa insulini. Mwaka uliofuata waliwashauri wakimbiaji wale vyakula vya wanga kwa wingi siku iliyotangulia mbio, na wakawapa peremende za kula njiani. Safari hiyo sukari haikushuka, na watu walifika wakiwa na hali njema. Ni jambo la kushangaza kwamba ugunduzi rahisi namna hiyo ulikaa karibu bila kutumiwa kwa zaidi ya miaka 30. Makocha waliendelea kuwalisha wanamichezo nyama nusu mbichi asubuhi ya mashindano kwa imani kwamba nguvu hutoka katika nyama.

Nirudi kwanza kwenye mbio zenyewe. Aliyezileta kwa watu wa kawaida hakuwa daktari wala profesa. Arthur Lydiard, aliyezaliwa Auckland, New Zealand, mwaka 1917, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu. Alipokaribia miaka 30, akijiona mzima kabisa, alialikwa na rafiki yake kukimbia maili 5, na maili hizo zilimwonyesha kwamba alikuwa amekwisha kuchakaa. Alijiuliza atakuwaje akifika miaka 47. Akaanza kujifanyia majaribio mwenyewe, akikimbia masafa mafupi na marefu, pole na kasi, hata akafikia uamuzi kwamba msingi wa mbio zote ni kukimbia masafa marefu kwa mwendo ambao mtu hajikamui. Vijana wa jirani zake wakamfuata. Tarehe 2 Septemba 1960, katika Olimpiki ya Roma, wawili miongoni mwao, Peter Snell katika mita 800 na Murray Halberg katika mita 5,000, walishinda medali za dhahabu katika muda usiozidi saa moja. Wataalamu walistaajabu kusikia kwamba Snell, mkimbiaji wa mizunguko miwili tu ya uwanja, alikuwa akifanya mazoezi ya kilomita 160 kwa wiki. (Watanzania tuna haki ya kukumbuka kwamba miaka 14 baadaye, tarehe 2 Februari 1974, palikuwa huko New Zealand, mjini Christchurch, Filbert Bayi alipowaongoza wote tangu mlio wa bastola na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, huku John Walker, kijana wa nchi hiyohiyo, akimfukuza bila kumpata.)

Baada ya Roma, Lydiard alialikwa kuzungumza na wafanyabiashara na maofisa wa Auckland, watu wa umri wetu, wengine wamekwisha kupatwa na maradhi ya moyo. Kutokana na mazungumzo hayo kilianzishwa mwaka 1962 chama cha watu wazima wa kukimbia polepole. Mwishoni mwa mwaka huo alifika mgeni kutoka Marekani, Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, mwenye umri wa zaidi ya miaka 50. Lydiard alimchukua kwenda kukimbia na wanachama. Kocha yule, aliyewafunza mabingwa, akaachwa nyuma, na aliyebaki naye kwa huruma ili kumsindikiza alikuwa mzee aliyevuka miaka 70 na aliyekwisha kupatwa na mshtuko wa moyo. Bowerman aliporudi kwao aliwaalika wananchi wa mji wa Eugene waje uwanjani kujaribu. Walijitokeza wengi mno kuliko alivyotazamia, akaingiwa na hofu kwamba mmoja wao angemwangukia, akawarudisha nyumbani. Kisha akamtafuta daktari wa moyo, Waldo Harris, wakaanza upya na vikundi vidogo vilivyopimwa na kuangaliwa. Kitabu chao kilitoka mwaka 1967, na mwaka uliofuata kikatoka cha Dakta Kenneth Cooper wa jeshi la anga la Marekani. Hapo ndipo jogingi ilipoenea duniani, hata ikafika kwenye vikundi vya jogingi tunavyoviona leo Dar es Salaam kila Jumapili alfajiri, na fulana zao za rangi moja.

Katika mafundisho ya Bowerman kulikuwa na kipimo kimoja kisichohitaji saa wala mashine: kimbia kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza na mwenzako, ukishindwa kuzungumza, umezidisha, punguza. Wazungu walikiona kipimo hicho kuwa kitu kipya. Lakini mtu anayeimba hawezi kukimbia kwa kasi ya kukatika pumzi, na kundi la wanafunzi 200 linaloitikia wimbo linakwenda kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote, asije akakosekana katika kiitikio. Sidhani kwamba walimu wetu wa zamu walikuwa wamemsoma Lydiard. Hata hivyo walitukimbiza kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali.

Sasa niseme juu ya hofu ya kifo, maana si hofu ya kijinga. Jogingi ilipokuwa imepamba moto katika miaka ya 1970, daktari mmoja wa California alifika mahali pa kudai kwamba mtu awezaye kumaliza marathoni hafi kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo. Wengi walipenda kuamini hivyo. Mwaka 1977 James Fixx alitoa kitabu juu ya mbio kilichonunuliwa na watu wengi ajabu. Alikuwa amekwisha kuwa mnene na mvutaji wa sigara pakiti mbili kwa siku. Akaanza kukimbia akiwa na miaka 35, akaacha sigara, akapungua. Baba yake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Tarehe 20 Julai 1984 Fixx alianguka akikimbia peke yake kwenye barabara ya Vermont, akafa, umri wake miaka 52. Uchunguzi ulionyesha kwamba mishipa mitatu ya moyo wake ilikuwa imeziba sana, mmoja kwa asilimia 95. Waliochukia jogingi walicheka, na wapenzi wake wakanyamaza.

Mimi naona waliocheka na walionyamaza wote walikosa subira ya miezi mitatu. Mwezi Oktoba wa mwaka huohuo David Siscovick na wenzake walichapisha uchunguzi waliofanya Seattle juu ya wanaume ambao mioyo yao ilisimama ghafla. Waliona hivi: kwa mtu asiyezoea mazoezi, hatari ya moyo kusimama wakati anapofanya kazi nzito ilikuwa mara 56 ya hatari aliyo nayo wakati mwingine. Kwa aliyezoea ilikuwa mara 5. Lakini ukijumlisha saa zote za siku, akilala na akikimbia, hatari ya aliyezoea ilikuwa asilimia 40 tu ya hatari ya yule asiyezoea. Namwomba msomaji azisome tena tarakimu hizo. Zinasema kwamba mbio zina saa yake ya hatari, hatuwezi kukana. Kwamba anayezizoea anafidiwa saa hiyo kwa wingi. Na kwamba aliye katika hatari kubwa kabisa ni yule atakayekaa kitini hadi siku ya mkutano, kisha aone wenzake wa bweni la upande wa pili, damu ichemke, akimbie kama yuko kidato cha pili. Mwenzetu wa namna hiyo yuko katika kila mwaka wa kuhitimu, na sote tunamjua kwa jina.

Kwa hiyo aliye na presha, kisukari, maumivu ya kifua, au ambaye baba au ndugu yake alikufa kwa moyo akiwa kijana, akamwone daktari kwanza, asimtegemee DeMar. Fixx alikuwa mwerevu, na bado alikataa kupimwa.

Nimekuja kwenye chakula. Baada ya Boston, hatua kubwa iliyofuata ilitoka Skandinavia. Mwaka 1939 Wadenmaki Christensen na Hansen walionyesha kwamba mtu aliyelishwa wanga huweza kuendesha baiskeli muda zaidi ya mara mbili kuliko aliyelishwa mafuta. Kwa nini iwe hivyo haikujulikana barabara mpaka madaktari wa Sweden walipopata njia ya kuchoma misuli kwa sindano nene na kutoa kipande kidogo cha kupimwa. Mwaka 1966 Jonas Bergström na Eric Hultman walifanya jaribio la kuchekesha na la werevu mkubwa. Walipanda wote wawili baiskeli moja ya mazoezi, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja tu hadi mguu ukachoka kabisa. Kisha wakala vyakula vya wanga siku tatu, wakichomana sindano katika miguu yote miwili. Katika mguu uliofanya kazi akiba ya wanga, inayoitwa glikojeni, ilikuwa imeisha. Ikarudi, ikazidi, hata ikafikia kiasi cha mara mbili ya ile ya mguu uliopumzika. Mwaka 1967, wakiwa na wenzao, walipima muda ambao watu wale wale waliweza kufanya kazi ileile nzito kabla ya kushindwa. Baada ya kula chakula cha kawaida waliweza dakika 114 hivi. Baada ya chakula cha mafuta na protini dakika 57. Baada ya chakula cha wanga dakika 167. Mwingereza Ron Hill alitumia njia hiyo akashinda marathoni ya Ulaya mjini Athens mwaka 1969, na tangu hapo wakimbiaji wa dunia nzima wakaanza kujishindilia tambi.

Hapa ndipo wenzetu wa glukosi wanapojikwaa, kwa hiyo tufanye hesabu, maana haihitaji zaidi ya darasa la saba. Mtu hutumia kalori 1 hivi kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita anayokimbia. Mtu wa kilo 75, kwa marathoni ya kilomita 42, atatumia kalori 3,150. Akiba ya wanga katika misuli yake na ini ni kama gramu 500, yaani kalori 2,000. Mafuta ya mwili huchangia sehemu, lakini hayaungui upesi kama wanga. Ndiyo maana mkimbiaji wa marathoni aghalabu huishiwa nguvu ghafla karibu na kilomita ya 30, na ndiyo maana Ron Hill alihitaji ujanja wake. Mtu huyohuyo akikimbia kilomita 5 atatumia kalori 375. Akikimbia 10 atatumia 750. Akiba aliyolala nayo inatosha na kusaza, na kuiongeza hakumsaidii kitu ila kumtia tumbo zito. Kalori 375 ni takriban gramu 100 za unga wa mahindi. Soda moja ya mililita 350 huwa na kalori zipatazo 150, kwa hiyo atakayemaliza kilomita 5 kisha akajipongeza kwa soda mbili na andazi amekwisha kurudi alikotoka. Hali kadhalika kitambi: kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori kama 7,700, na mbio za kilomita 5 hazina budi zirudiwe mara 20 kabla hazijaifikia. Mbio zinasaidia, ila chapati mbili za chai ya saa nne ofisini nazo zinahesabiwa.

Hesabu hiyo inaeleza pia kwa nini tuliweza mchakamchaka na njaa. Usiku ini hupunguza akiba yake ili kuilisha akili, lakini ile ya misuli hubaki karibu nzima, na kwa nusu saa ya mwendo wa wimbo ilitosha. Tahadhari ni kwa wenzetu wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari: wao wasikimbie na njaa bila kuelekezwa na daktari wao, kwani hali ile aliyoiona Levine mwaka 1924 inaweza kuwapata katika kilomita ya kwanza.

Na ile sahani ya ugali na maharage? Mwaka 2002 Dirk Christensen na wenzake walichapisha uchunguzi wa chakula cha vijana 12 wa Kikalenjin wa Kenya, wakimbiaji. Asilimia 71 ya nguvu waliyokula ilitokana na wanga, na sehemu kubwa kabisa ya chakula chao ilikuwa mahindi na maharage. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake wakatoa uchunguzi wa wakimbiaji 10 wa hali ya juu waliokuwa kambini karibu na Eldoret, wiki moja kabla ya mashindano makubwa. Wanga ulikuwa asilimia 76.5, mafuta asilimia 13.4, protini asilimia 10.1. Kulikuwa na ugali, wali, viazi, kabeji, maharage, nyama kidogo, na chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Kiasi cha moja ya tano ya nguvu yao yote ilitoka katika sukari tupu. Watu waliokuwa wakishinda duniani walikula karibu kile tulichokuwa tukikilalamikia bwaloni. Lakini asitokee mtu wa kuitumia sukari ile kama hoja. Wale walikuwa wakikimbia kila siku, wengine mara mbili. Sisi tunakaa vitini saa nane.

Juu ya maji nitasema kwa kifupi. Dunia ilitoka upande mmoja ikaangukia upande wa pili. Baada ya kunyimwa maji kwa miongo mingi, mwaka 1965 Robert Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida walitengeneza kinywaji cha maji, chumvi na sukari kwa ajili ya timu ya chuo chao. Biashara ikakua, na watu wakaanza kuambiwa wanywe kabla ya kiu, wanywe kadiri wawezavyo. Tim Noakes wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake, alionyesha mwaka 1985 kwamba wako wakimbiaji wa masafa marefu wanaozidiwa kwa kunywa maji mengi hata chumvi ya damu ikazimuliwa. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 mkimbiaji alikufa kwa sababu hiyo, na wakimbiaji 488 waliotoa damu mwaka ule walipopimwa, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi. Kwa kilomita 5 za asubuhi, bilauri moja ya maji ukiamka na nyingine ukiwa na kiu mwishoni zinatosha. Kamati itaweka maji mahali pa kugeuzia kwa ajili ya wale wa kilomita 10.

Basi matayarisho. Zimebaki wiki 12, na wiki 10 zinamtosha mtu asiyekimbia kabisa. Aanze kwa siku 3 kwa wiki, dakika 20 kila siku, akitembea dakika 2 na kukimbia 1, kisha aongeze kidogo kidogo sehemu ya kukimbia. Wiki ya 6 awe anakimbia dakika 20 mfululizo huku anaweza kuzungumza, wiki ya 8 awe amefikisha kilomita 5. Anayetaka kumshinda mtu (nao wapo) aige mfano wa Roger Bannister, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa akitumia saa ya chakula cha mchana kukimbia mita 400 mara 10, akipumzika katikati, hata tarehe 6 Mei 1954 akawa wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 4. Kwetu sisi mara 4 zinatosha, mara moja kwa wiki, tena kuanzia wiki ya 8 na si kabla. Kilomita 10 ziachiwe wale ambao tayari wanakimbia hivi sasa.

Usiku wa Ijumaa kuna karamu. Atakayekimbia ale wali au ugali wake kama kawaida bila kujishindilia, na bia aziachie Jumamosi jioni. Brandi ya Hicks haikuwahi kuthibitishwa. Mganga aliye mmoja wetu atapima presha bwaloni tangu saa 11 jioni ya Ijumaa hiyo. Asubuhi, anayependa anywe kikombe cha uji saa 11 alfajiri, au chai na vipande viwili vya mkate. Mbio za kilomita 10 zitaanza saa 1 kamili, za kilomita 5 saa 1 na robo. Watakaopenda kutembea wataondoka saa 12 na nusu kwa njia ileile ya mchakamchaka, na wimbo utaanzishwa na yeyote ambaye bado anaukumbuka.